Remmy Ongala na fulana ya Ramones

Ukipita Mchafukoge, Dar es Salaam, mchana, pale malori ya mizigo yanapogombea kona na bajaji, huchukui muda kuiona fulana nyeusi yenye nembo ya tai na jina RAMONES juu yake. Nimeiona kwa kuli, kwa muuza kava za simu, na kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo. Juzi nilimuuliza winga aliyeivaa kama anawajua hao Ramones. Akanitazama kama anavyomtazama mteja asiye na hela. "Mzee wangu, hii pamba tu. Unaitaka? Elfu saba."

Simlaumu. Wenye jina hilo walikuwa vijana wanne wa Queens, New York, walioanzisha bendi yao mwaka 1974: jaketi za ngozi, jinzi zilizochanika magotini, nyimbo za dakika mbili zilizopigwa kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Muziki huo ukaitwa panki. Mwaka 1979 walicheza hata filamu, Rock 'n' Roll High School, wakiigiza nafsi zao wenyewe. Wote wanne wa kundi la kwanza wameshafariki, wa mwisho mwaka 2014. Waliofanya yale ili wasifanane na mtu sasa wamekuwa sare ya dunia nzima, inayoshonwa viwandani na kuuzwa kwa bei ya jumla.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza: je, Dar es Salaam ilikuwa na mpanki wake? Wapo watakaosema swali lenyewe halina maana, kwamba sisi ni watu wa dansi, taarab na mchiriku. Mimi nina jibu, na jibu ni Dokta Remmy Ongala.

Najua pingamizi. Magitaa ya bendi yake, Super Matimila, yalikuwa ya rumba, matamu, na wimbo mmoja ungeweza kukuchezesha dakika nane bila kuchoka. Hakuna cha panki hapo. Lakini panki haikuwa gitaa tu. Ilikuwa mtu asiye na kitu kusimama mbele ya watu na kusema kinachomuuma kwa maneno yanayoeleweka, huku akivaa apendavyo. Kwa kipimo hicho Remmy anawapita wengi waliolitumia jina hilo.

Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaitwa Ramazani Mtoro Ongala. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuja duniani na meno mawili ya mbele, na kwao hiyo ilikuwa alama ya uganga. Mama yake alikuwa ameshapoteza watoto kabla yake, akaelekezwa asimnyoe huyu nywele. Ndiyo asili ya jina la Dokta, na ndiyo asili ya zile nywele ndefu ambazo baadaye mji mzima ulizijua. Baba yake, aliyemfundisha ngoma, alifariki Remmy akiwa bado mtoto, mama naye akafuata. Kijana akabaki kulelewa na muziki, kutoka bendi hadi bendi, hadi mwaka 1978 alipokuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Miaka ya mwanzo ya 1980 akahamia Matimila.

Fikiria mji aliofikia. Miaka kumi tu kabla yake, vijana wa chama tawala, TANU, walikuwa wametangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana walikuwa wameshavamiwa hapa Kariakoo kwa sababu ya urefu wa nguo zao. Mwaka huo wa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Huu ulikuwa mji uliopima uzalendo kwa upana wa suruali, na ndani yake akaingia Mkongo mwenye rasta.

Na bendi nyingi za wakati wake zilikuwa na wenyewe. JUWATA ilikuwa ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Bima Lee ya Shirika la Bima, UDA ya shirika la mabasi. Polisi na JKT walikuwa na zao. Mwanamuziki alikuwa mtumishi, na gitaa lilikuwa la mwajiri. Kurekodi kwa kawaida kulikuwa Redio Tanzania, na mashairi yalipitiwa kabla ya kuingia studio. Sisemi mfumo huo haukuzaa kitu. Ulizaa nyimbo ambazo hadi leo tunazililia. Ila ulimfundisha msanii kusema kwa kuzunguka. Mafumbo ni fahari yetu, na pia ni mahali petu pazuri pa kujificha.

Remmy hakujificha. Aliimba umaskini kwa sauti ya maskini, wala hakuwa kama mtu anayepita na gari na kuwaonea huruma walioko barabarani. Alizungumza na kifo kana kwamba ni jirani anayemdai maelezo. Alijiita Sura Mbaya, na hapo ndipo ninapomwona alivyokuwa na akili: tusi ambalo umeshajitukana mwenyewe hakuna atakayekuumiza nalo. Katika mji huu, ambao kila duka limesimamisha mwanasesere mlangoni na kila mtu anaficha kiraka, mtu aliyetangaza ubaya wa sura yake na wembamba wa mfuko wake alikuwa huru kusema mengine yote.

Jaribio kubwa lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 ugonjwa ulikuwa umefika kila mkoa wa Bara. Dar es Salaam iliupokea kwa mzaha, kama kawaida yake: herufi za AIDS zikageuzwa kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Msibani watu walisema marehemu aliugua kwa muda mrefu, wakainamisha vichwa, wakanywa chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy akatoa "Mambo kwa Soksi". Mara hiyo moja alitumia fumbo, lakini jepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu angelifumbua: vaeni kondomu. Redio ya taifa, iliyokuwa pekee Tanzania Bara kwa wakati huo, ikakataa kuupiga.

Uingereza, mwaka 1977, BBC nayo iliukataa wimbo wa Sex Pistols uliomkejeli malkia, na wimbo ukauzika kwa fujo. Wa Remmy nao ulisambaa, ukumbini na kwa kaseti zilizodurufiwa vibandani bila yeye kupata chake. Tofauti ni kwamba wale waliudhi ufalme ambao haukuwa na habari nao, na huyu alikuwa akijaribu kuzuia vijana wasife. Wangapi wangepona kama ule wimbo ungepigwa kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari? Swali hilo halina hesabu, lakini sioni aibu kuliuliza.

Kuna kichekesho cha historia hapa. Kilichompeleka Remmy duniani ni tamasha la muziki la WOMAD mwaka 1988, na albamu zake za 1989 na 1992 zilitoka kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Gabriel huyo alitokea Genesis, bendi ya aina ile ile ambayo wapanki wa London waliichukia kwa nyimbo zake ndefu na majivuno. Maisha hayafuati makundi yetu.

Na uigizaji, kama ule wa Ramones kwenye filamu yao? Kwetu mwanamuziki na mwigizaji walikuwa wakilala kambi moja. Ukienda kuviona vikundi vya sanaa kama Muungano au, baada ya 1992, TOT, kiingilio kimoja kilikupa dansi, taarab, sarakasi na mchezo wa kuigiza. Ndiyo maana simshangai msanii wa leo anayeimba asubuhi na kupiga picha za tamthilia jioni. Ninachokitafuta kwake ni kingine: akishuka jukwaani, yule aliyekuwa juu alikuwa nani?

Remmy alilijibu hilo kwa namna iliyowakera wapenzi wake. Baada ya kuugua kiharusi aliokoka, akaacha dansi, akaimba injili hadi alipofariki Desemba 13, 2010. Nimesikia watu wazima wakilalamika kwamba aliwasaliti. Mimi nadhani waliosema hivyo walitaka avae fulana ya Remmy hadi kaburini. Mtu aliyekataa kuvalishwa na redio ya taifa asingekubali kuvalishwa na mashabiki.

Leo jina lake ni kituo. Kila siku makondakta wanalipiga kelele, "Sinza kwa Remmy!", na abiria wengi wanashuka bila kuujua hata wimbo wake mmoja. Tumempa heshima ambayo haimkeri mtu. Redio nazo zinampiga, kwa kuwa waliolengwa na maneno yake wamestaafu au wamekufa.

Naandika haya wakati singeli inapigwa kwa kasi ambayo ingewatisha hata wale Ramones, na nyingine, niseme ukweli, ni matusi matupu yanayotafuta watazamaji. Lakini si zote. Na nje ya singeli, mwaka 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo", kisha rais mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Ilibidi ifike Ikulu. Basi wewe msomaji, na hasa wewe unayekaa kwenye kamati au studio ya redio, siku kijana atakapokuletea wimbo unaokukera, usikilize mpaka mwisho kabla hujaufungia.