Uzito Mkubwa, Nuru Haba



Zaburi ya 147 yatufundisha ya kuwa Mungu huzihesabu nyota, na kila moja aijua kwa jina. Wanadamu nao huzihesabu, lakini hesabu yao husahihishwa mara nyingi. Sikieni habari ya nyota moja.

Katika kundi la nyota liitwalo Sungura iko nyota ndogo nyekundu, jina lake Gliese 229; nuru yake hutumia miaka 19 kufika kwetu. Mwaka 1995 wataalamu waliotumia darubini ya Palomar, huko Marekani, walitangaza ya kuwa wameona kitu hafifu mno kikiizunguka. Mng'ao wa nyota ulikuwa umekificha, kama karabai ifichavyo kimulimuli. Basi wakauziba mng'ao ule ndani ya darubini, ndipo kikaonekana. Walipoichunguza nuru yake wakakuta dalili za hewa ya metani, isiyoweza kudumu katika joto la nyota. Kumbe kilikuwa kibete cha kahawia: kizito kupita sayari, wala hakina uzito wa kutosha kuudumisha moto wa nyota. Hupoa polepole tangu kuzaliwa kwake.

Baadaye wakaupima uzito wake kwa jinsi kiivutavyo nyota yake, wakapata kama mara 70 ya sayari ya Mshtarii. Hapo wakashangaa: kwa uzito huo, mbona nuru ni haba? Hata mwaka 2024, kwa darubini kubwa zilizoko Chile, ikajulikana ya kuwa ni vibete viwili, vinavyozungukana kwa muda wa siku 12. Uzito ulikuwa wa wawili, nao walikuwa wameuhesabia mmoja. Nuru ile haikuwa na kosa lo lote.

Ndugu, katika usharika wenu yuko mtu mwonaye kuwa hafifu. Sadaka yake ni ndogo, huketi karibu na mlango, haonekani kila Jumapili. Nanyi mwasema, Imani yake imezimika. Je, mmejua abebacho? Labda awalea watoto wa marehemu nduguye pamoja na wake mwenyewe. Abeba mzigo wa wawili, nasi twampima kama mmoja.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujalifuta jina katika kitabu cha usharika, nenda nyumbani kwake, uketi, umsikilize. Wataalamu walikitazama kitu kimoja karibu miaka 30 kabla ya kukielewa. Sisi twamhukumu ndugu kwa Jumapili tatu. Bwana atupe macho ya subira. Amina.