Nguvu ya Roho na Mkono Uliofunikwa

Twawaomba wasomaji wetu watuwie radhi, kwani leo twawatoa mijini mwao na kuwapeleka mbali na bahari, hata pande za Meru na Embu, miguuni pa Mlima Kenya. Swali tulilo nalo ni la siku zote. Ile nguvu ya ndani ambayo kwayo mtu hujizuia akasirikapo na husimama achokapo, yapatikana vipi? Na ikishapatikana, itumiwe wapi? Jawabu limo katika vitabu vyetu, hapana shaka. Walakini yafaa mara nyingine kulitazama katika mambo ya watu wengine, na Wameru wana jambo moja lililotushughulisha sana katika darasa letu.

Wameru walikuwa na mtu wao mkubwa aitwaye Mugwe. Mwaka 1959 padri wa Kitaliani, Bernardo Bernardi, alitoa kitabu kizima juu ya mtu huyu, na katika jina la kitabu akamwita nabii anayefifia, kwani wakati huo cheo chake kilikuwa kimekwisha kudhoofu. Mugwe hakuwa mfalme wala jemadari. Kesi hazikuwa zake. Hizo zilikuwa za wazee wa Njuri Ncheke. Kazi yake ilikuwa kubariki: rika jipya lilipoingia utu uzima lilimtaka baraka, na vijana walipotaka kwenda vitani walihitaji baraka yake. Na nguvu ya baraka hiyo, kwa itikadi yao, ilikuwa katika mkono wake wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alifanya shughuli zake kama watu wote. Wa kushoto ulikaa chini ya vazi, umefunikwa, na haukuwa wa kutazamwa. Watu wa Imenti walisimulia kwamba kuuinua tu kulitosha kuwasimamisha maadui.

Hapa twajua msomaji atashtuka, na ana haki. Sisi hatuamini kwamba mkono wa kiumbe una nguvu ya kujitegemea, uwe wa Mugwe au wa mganga wa mjini kwetu mwenye hirizi na kombe. Nguvu zote ni za Mwenyezi Mungu, na anayezitafuta kwa kiumbe amepotea njia. (Na wale wetu wanaocheka kwa kuwa ni mkono wa kushoto, na waanze kwanza kuzicheka hirizi zilizofungwa mikononi mwa watoto wao.) Tukiliweka hilo mahali pake, labaki jambo la kuzingatiwa. Watu hawa, bila ya kusoma vitabu vyetu, walifahamu kwamba nguvu kubwa ya mtu si ya kuonyeshwa, wala si ya kutumiwa katika kila jambo dogo, wala haitolewi nje illa kwa kheri ya wengine. Mtu aliyedhaniwa kuwa na nguvu kuliko wote ndiye aliyetakiwa kuishi akiwa ameifunika.

Tujilinganishe. Mjini kwetu ni nani aitwaye mwenye nguvu? Ni yule ambaye akiingia nyumbani watoto hunyamaza. Ni yule asiyekubali kushindwa neno barazani. Na hali Mtume s.a.w. alikwisha kutufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Twayasema haya kila Ijumaa, kisha twatoka msikitini na kugombania viatu.

Na Wameru si wageni kwetu kama tudhanivyo. Masimulizi yao ya asili yasema kwamba wazee wao walikaa mahali paitwapo Mbwaa, kisiwani, katika utumwa wa watu waitwao Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mwanachuoni Jeffrey Fadiman, aliyeyakusanya masimulizi hayo, aliona kwamba Mbwaa ni Manda, hapo mbele ya Lamu. Mabwana wale waliwatwika kazi zisizowezekana. Waliwataka watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi ininginiayo shingoni mwa ng'ombe, wakakipata. Wakatakiwa mkuki wa kufika mbinguni. Hapo ndipo kiongozi wao Koomenjoe alipoona hapana tena la kujibu, akawatoa usiku wakavuka maji. Wengine walivuka gizani, wengine alfajiri, wengine mchana, na kwa hiyo koo zao zikaitwa nyeusi, nyekundu na nyeupe. Hatutaki kubishana hapa Nguo Nyekundu walikuwa akina nani. Yatosha kwamba katika hadithi hii pwani ndiko walikokaa wenye nguvu za mkono, na wale waliokimbia ndio waliokuwa na nguvu za roho: walivumilia, wakajibu kwa akili, na hawakuondoka kabla ya wakati wake.

Leo biashara yashuka kwa njia ile ile waliyoikimbia. Kutoka milima ya Nyambene, Igembe na Tigania, huja miraa. Kutoka Mbeere, pande za Embu, huja muguka. Kila siku ya Mungu magari hukimbia kuja pwani, na sababu ya kukimbia huko inastahili kufikiriwa. Dawa iliyomo katika majani mabichi, ambayo wataalamu huiita kathinoni, huanza kupungua tangu tawi likatwapo, na baada ya siku mbili hivi haimfai tena mtafunaji. Ndiyo maana vitita hufungwa kwa majani ya mgomba visikauke, na dereva halali. Tazameni basi ni nguvu gani hii tunayoinunua: haina budi kukimbizwa barabarani isije ikafa kabla haijatufikia!

Wameru wenyewe hawakuianza miraa kwa namna hii. Kwao ilikuwa zaidi ni jambo la wazee na la heshima. Kitita maalumu hupelekwa kwa wazazi wa msichana anapoposwa, na miti ya zamani hutunzwa kama mirathi. Ni soko lililoifanya kuwa chakula cha vijana. Na masoko nayo hayana uaminifu: Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na mkulima wa Maua akaona riziki yake ikikatwa na watu asiowajua. Wanavyuoni wetu walikwisha kuizungumza zamani. Ibn Hajar al-Haytami, katika karne ya 16, aliandika risala juu ya mmea huu kwa sababu ya mabishano ya watu wa Yaman, akawanasihi watu wajiepushe nao kwa sababu ya shaka, pasi na kukata moja kwa moja kwamba ni haramu. Basi leo hatuandiki fatwa. Twauliza swali la nafsi.

Mtafunaji hutafuta nini? Mwulizeni, atawaambia: handasi. Yaani kuamka, kuwa na maneno, kuona kila jambo lawezekana. Saa nne za usiku yu barazani, shavu limejaa, njugu na ubani ubavuni, na katika maneno yake amekwisha kujenga nyumba, ameoa, amefungua duka na kusafiri Ulaya. Alfajiri humkuta hana hata nguvu ya kwenda kuswali. Nguvu ile haikuwa yake. Alikopeshwa, na mwenye kumkopesha huja kudai asubuhi, na hudai kwa mkewe na kwa watoto wake pia, kwani mtu aliyelala mchana kutwa hana mkate wa kuwaletea.

Mwezi wa Mei 2024 jambo hili lilifika serikalini. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na wa Kilifi akamfuata. Watu wa Embu wakalalamika, Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hili linatambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ikaisimamisha. Mama wa Kisauni alisema: majani haya yanawaua wanangu. Mkulima wa Mbeere alisema: majani haya yanawasomesha wanangu. Wote wawili walisema wanayoyaona. Sisi hatuwalaumu viongozi wetu kwa kutaka kuziba mlango; mwenye nyumba huziba mlango. Ila twasema kwamba hapana lori la Embu lishushalo mzigo Mombasa illa upo mkono wa mtu wa pwani wa kuupokea, na mwingine wa kuulipia. Mkono huo hausimamishwi na hakimu wa Embu wala wa Mombasa.

Je, nguvu ya kuusimamisha haipo? Hapa ndipo tuliposhindana katika darasa. Mmoja wetu alisema vijana wetu wamekwisha kunyang'anywa nguvu zao za roho, hivyo wanahitaji kulindwa kama watoto. Mwingine akamjibu kwa Ramadhani. Akasema: kijana yule yule asemaye hawezi kuacha muguka, kwa siku 29 au 30 huacha maji, na jua la pwani mnalijua, tangu alfajiri hata magharibi, saa kumi na tatu na zaidi. Hakuna askari anayemchunga. Mtungi umo ndani na mlango umefungwa, hata hivyo hanywi. Basi nguvu anayo, tena kubwa. Linalomkosesha ni kudhani kwamba nguvu hiyo ni ya mwezi ule tu, na kwamba adhana ya magharibi ikiisha yeye huwa mtu mwingine. Hapo tulinyamaza wote, kwani hilo halikuwa la watafunaji peke yao. Nani katika sisi hakupata kufunga mchana na kusengenya usiku?

Twaona nguvu ya roho hukua kama miti ile ya Nyambene, kwa miaka na kwa kutunzwa, wala haikui kwa siku moja ya kiapo kikubwa. Hukua mtu anapozuia neno moja aliloweza kulisema. Hukua anapochelewesha hamu yake kwa saa moja, kesho kwa saa mbili. Hukua zaidi anapofanya hivyo asijue mtu, kwani akijua mtu huanza kugawana faida yake na sifa. Hatuna maneno mengi ya kuongeza juu ya hili, ajaribuye atajua.

Lililo gumu zaidi ni matumizi, na hapa tutasimulia habari ya ndugu yetu mmoja katika darasa, kwa idhini yake na bila ya kumtaja. Alitafuna miaka kumi na moja. Alipata kufanya kazi ya duka Meru mjini, na ndiye aliyetuletea kwanza habari za Mugwe. Mwaka mmoja, baada ya Idi, hakurudi tena barazani. Hakumwambia mtu. Miezi minane alipigana na nafsi yake peke yake, wala hata mkewe hakujua ila kwa kuona pesa zinabaki mfukoni. Huo ndio uliokuwa wakati wake bora. Kisha watu wakajua, wakamsifu, naye akaanza kuusema ushindi wake. Akawa husimama mlangoni mwa msikiti akiwatazama vijana wa baraza lake la zamani wakija kuswali, na mbele za watu huwaambia: onyesheni meno yenu! Mmoja alimwambia kwamba malaika hukimbia kinywa chake. Alidhani anaamrisha mema. Vijana watatu wakaacha kuja msikitini.

Tulipokuwa tukisoma habari za ule mkono uliofunikwa, alilia. Alisema: mimi niliutoa mkono wangu nje ya nguo, nikawapiga nao watu. Hatukuwa na la kumjibu, maana wengi wetu tulikuwapo pale mlangoni, tukacheka.

Baada ya siku hiyo alirudi barazani kwao. Hakuchukua kitabu. Alichukua birika la kahawa na tende, akaketi pale alipokuwa akiketi zamani, akawaomba radhi mmoja mmoja kwa majina yao. Wakampa jani kwa kumjaribu. Akaliweka chini, akaendelea kumimina kahawa. Hufanya hivyo kila usiku wa Jumatatu, na husema zilo ni nzito kwake kuliko miezi ile minane, kwa sababu harufu ipo puani mwake na hana ruhusa ya kusema neno juu yake. Kijana mmoja kati ya wale watatu alikuja darasani mwezi uliopita, akaketi nyuma karibu na mlango. Hapana aliyemwuliza alikuwa wapi.