Nani Anabeba Mzigo wa Mwenye Kuacha Sigara?



Kila mwaka mwezi wa Ramadhani unatuletea jambo la ajabu, nasi hatulistaajabii kwa sababu tumelizoea. Yuko mtu anavuta pakiti nzima kwa siku. Mkewe amemwomba aache, daktari amemtisha, na yeye mwenyewe ameapa mara nyingi kuwa hawezi. Mtu huyo huyo anaamka kula daku, anatia nia, na tangu alfajiri mpaka magharibi, muda wa saa 13 hivi hapa Lubumbashi, hagusi sigara. Hakuna askari anayemlinda. Angeweza kujifungia mahali akavuta, na hafanyi hivyo. Kesho yake anarudia, siku 29 au 30. Kisha inaadhiniwa magharibi, anameza tende, na kabla bukari haijapoa yuko nje ya ua na kiberiti mkononi.

Sasa mtu huyu, kuacha anaweza au hawezi?

Wako wanaojibu haraka kuwa anaweza, ila hataki. Jibu hilo ni jepesi, na kwa maoni yangu ni dhuluma, kwa maana wengi wa hao wanaovuta wanataka kuacha kwa moyo wote. Wengine husema hawezi, tumbaku imekwisha kumtawala. Nalo si kweli, maana mchana wote wa jana tulimwona. Mimi nasema kwamba anaweza akiwa na wenzake, na akiachwa peke yake anashindwa. Kama ni hivyo, basi jambo hili linatuhusu pia sisi tusiovuta, tunaopita karibu naye kila siku tukitikisa vichwa.

Tazama mchana wa Ramadhani umebadilisha nini. Mapafu ni yale yale na sigara ni ile ile. Lakini rafiki wa kazini hamnyoshei pakiti. Chai ya asubuhi haipo. Chakula cha mchana hakipo, na kila mvutaji anajua kwamba sigara ya baada ya kula ndiyo inayouma kuikosa kuliko zote. Hakuna anayemcheka, “Leo vipi, umekuwa sheikh?” Nyumba yake, mtaa wake na jamaa zake wa msikitini wote wanabeba saumu ile pamoja naye. Yeye anadhani amefunga kwa nguvu zake.

Tena liko jambo la kuzingatia zaidi. Nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomfanya mtu mtumwa, hupungua nusu katika damu kila baada ya saa 2 hivi. Kwa hesabu hiyo mvutaji aliyefunga angechanganyikiwa kabla ya adhuhuri. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, ambao hawaruhusiwi kuvuta wakiwa angani. Walipimwa katika safari fupi na katika safari ndefu. Ikaonekana kwamba hamu yao haikufuata tu wingi wa saa walizokaa bila sigara. Hamu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, iwe safari ni fupi au ndefu. Kwa maneno mengine, hamu huamka zaidi pale mlango unapokaribia kufunguliwa. Ndiyo maana jua likiinama, mfungaji wetu anaanza kupapasa mifuko.

Nisieleweke kwamba maumivu ya mwili ni uongo. Mtu akiacha, hasa siku 3 za kwanza, atakasirika upesi, usingizi utampotea, kichwa kitamgonga, na hali hiyo huendelea kwa wiki 2 mpaka 4 ikipungua pole pole. Mwenye kuweza kumwona daktari aende, asione haya; Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani na bandiko la nikotini katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Lakini wiki 4 zikiisha mwili umetulia, na bado watu wanarudi kuvuta baada ya miezi 6, baada ya mwaka. Hapo si damu inayodai. Wanarudishwa na mahali, na saa, na uso wa mtu fulani.

Kwetu mahali hapo panajulikana. Ni kwenye kilio, usiku, wanaume wamezunguka moto na pakiti inapita mkono kwa mkono. Ni kwenye kituo cha basi, gari halijajaa. Ni siku ya mshahara, na pia siku ambayo mshahara haukutoka. Umeme umekatika, watu wametoka kukaa barabarani, na jirani anawasha. Hamu yenyewe ikija haikai sana. Ni dakika chache tu, kisha inapita. Lakini katika dakika hizo chache, mwenzako akikunyoshea moja, mwaka mzima umekwenda.

Kuna wanaosema mwanamume kamili ni yule anayekaa katikati ya wavutaji na asivute. Mimi siafiki. Suratul Israa, aya ya 32, haikukataza kuzini tu, imekataza hata kukaribia. Nabii Yusuf (a.s.) alipotakwa na yule mwanamke hakukaa ndani kuonyesha ushujaa, alikimbilia mlangoni. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, yule aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, alipomfikia mwanachuoni, aliambiwa kuwa toba ipo, ila aihame nchi yake, kwa kuwa ni nchi ya uovu, aende kwa watu fulani wanaomwabudu Allah akaabudu pamoja nao. Mwanachuoni hakumwambia ajikaze. Alimpa njia ya kwenda na watu wa kukaa nao.

Utasema: huyo alikuwa na nchi ya kuhamia. Mtu wa Katuba au Ruashi, mwenye meza yake sokoni Kenya na jirani zake wa miaka 20, atahamia wapi? Swali ni la haki. Asipoweza kuwahama watu, itabidi watu wenyewe wabadilike. Na hilo limewahi kutokea. Anas (r.a.) anasimulia kwamba alikuwa akiwamiminia watu pombe nyumbani kwa Abu Talha, ndipo mpiga mbiu akatangaza kuwa imeharamishwa. Abu Talha akamwamuru atoke akaimwage, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya Madina. Fikiri hali ya mlevi wa siku ile. Akienda kwa rafiki hakuna kikombe, na kwa jirani pia hakuna. Mji mzima uliacha pamoja naye.

Hata watafiti wa zama hizi wamelikuta jambo hilo. Huko Framingham, Marekani, watu 12,067 walifuatiliwa tangu 1971 mpaka 2003, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Ndugu akiacha, asilimia 25. Watu walikuwa wakiacha makundi kwa makundi.

Mwenye kushika Qur'an atanipinga: Suratul An'aam, aya ya 164, inasema hakuna mwenye kubeba mzigo wa mwingine. Ni kweli, dhambi ya mtu siichukui mimi. Lakini Suratul Maida, aya ya 2, imetuamrisha kusaidiana katika wema na ikatukataza kusaidiana katika dhambi. Anayemnyoshea sigara mtu aliyetangaza kuacha, huyo mzigo ni wake mwenyewe, hakubebeshwa na mtu. Mjadala wa haramu au makruhu nawaachia masheikh. Kumkwaza aliyekwisha kuazimia ni jambo jingine, wala sioni anayelitetea.

Hapa namgusa ndugu yetu mwenye duka na kibanda. Sigara ya kuuzwa moja moja ndiyo adui wa kwanza wa anayeacha. Amekwisha kutupa pakiti, fedha ya pakiti hana, lakini fedha ya sigara moja haikosi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2005, unazitaka serikali zijitahidi kuzuia uuzaji huo wa moja moja, kwa kuwa ndio unaowafungulia watoto mlango. Najua faida yake inanunua unga wa nyumbani. Basi angalau yule unayemjua, uliyesali naye safu moja na ukamsikia akisema ameacha, ukimwona mbele ya kibanda mwuzie peremende na umweke kwa mazungumzo dakika 5.

Upande wa pili nao una hatari. Kusaidia kunaweza kugeuka upelelezi: watu wananusa kanzu ya mtu, wanawauliza watoto wake. Suratul Hujuraat, aya ya 12, imekataza kuchunguzana. Mwenzi wa kweli huchaguliwa na mwenye kuacha mwenyewe, na huitwa kabla ya kuanguka. Ndiye anayekwenda naye kwenye kilio na kukaa baina yake na moto.

Na akianguka? Wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kabisa. Bukhari amepokea habari za sahaba mmoja mnywaji, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Aliletwa tena kuadhibiwa, mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, lakini hakufukuzwa katika jamaa. Kwa hiyo ndugu yako akikujia na harufu mdomoni, usimuulize kwa nini. Muulize alikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Na kesho saa hiyo hiyo uwe naye.