Nia na Yakini

Mchana wa tarehe 31 Oktoba 2023 ndege za Israeli ziliteremsha mabomu juu ya kambi ya Jabalia, kaskazini mwa Ghaza, mahali ambapo tangu mwaka 1948 walikuwa wakiishi wakimbizi waliotoka katika vijiji vyao, wao na wana wao na wajukuu wao, hata walioandikwa katika daftari za Umoja wa Mataifa wakapita 116,000 katika kilometa 1.4 za mraba. Nyumba zikawaporomokea wenyewe, na watu kwa makumi wakafa, wake kwa watoto. Jeshi likanena kwamba muradi wake ulikuwa Ibrahim Biari, amiri wa Hamas aliyehesabiwa miongoni mwa walioongoza mashambulizi ya tarehe 7 Oktoba, yaliyoua watu wapatao 1,200, pamoja na mahandaki yaliyo chini ya kambi. Hamas ikakana kwamba palikuwa na amiri pale. Ama hao wengine waliokufa, msemaji wa jeshi alipoulizwa alisema ni msiba wa vita.

Neno hilo limenikalia moyoni. Sisi nasi husema msiba umetufika, kana kwamba ni mgeni asiye na aliyemtuma. Kumbe kwa Waarabu, waliotuazima neno lenyewe, asili yake ni ile ile ya mshale uliopata shabaha, na mshale hauna budi kuwa na mpigaji.

Mpigaji hujitetea kwa nia: nilimkusudia yule, si hawa. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana pasipo nia tabibu na muuaji wangekuwa sawa. Lakini mtu anayejua kwa yakini, wala si kwa dhana, kwamba bomu lake halitambagua amiri na mtoto aliyelala ukuta wa pili, amekwisha kuwatia wote katika nia yake, apende asipende, kwa kuwa amewahesabu na bei ameiridhia. Na yule aliyejificha katikati ya raia? Amewaponza, na dhambi hiyo ni yake. Ila dhambi si gunia la mtama, hata wawili wakilishika mmoja aone wepesi.

Suala lenyewe ni kongwe. Zamani za manjaniki mafakihi waliuliza: adui akiwafanya mateka Waislamu kuwa ngao, yafaa kupiga? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Al-Mustasfa alijuzisha kwa masharti mazito: pawe na dharura, pawe na yakini, na hatari iwe ya umma mzima, ama ngome iliyozingirwa tu, akakataza, kwani ngome yaweza kuachwa. Nakiri kwamba yeye alikuwa akiwazungumzia Waislamu, na kuipeleka kauli yake Jabalia ni kukisi. Lakini mizani ni mizani.

Tena wenye kujuzisha walihitilafiana juu ya jambo ambalo leo halitajwi kabisa, nalo ni kafara. Wapo waliosema mpigaji hana deni. Wengine wakasema analo, yaani aache mtumwa huru, na asipoweza afunge miezi miwili mfululizo. Basi mtu amepigana vita alivyoviamini kuwa vya haki, sheria imemruhusu, ngome imeanguka na wenziwe wanagawana ngawira, naye anarudi kwake kufunga miezi miwili kwa ajili ya mateka mmoja ambaye hakumlenga.