Imebainika na Nani?

Tasnifu zinapokaribia kuwasilishwa, ushauri mmoja huzunguka kwenye vimbweta vya chuo chetu hapa Upanga: ibadilishe kidogo, isishikwe na Turnitin. Basi “ongezeko” linageuka “ukuaji”, kitenzi kinasogezwa nyuma, asilimia inashuka, mtu analala. Kwangu hilo ni gari la wizi lililopigwa rangi mpya.

Kueleza wazo la mtu kwa maneno yako ni kazi nyingine. Unasoma mpaka uelewe, unafunga kitabu, unaandika kama unayemweleza mdogo wako, kisha unakifungua tena kuhakikisha hukumsingizia mwandishi. Jina lake linabaki pale, hata kama hakuna neno lake lililosalia.

Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929 hapa Dar es Salaam, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo kuandika sura katika Modern Tanzanians, kitabu alichokihariri John Iliffe mwaka 1973. Maneno ni ya mjukuu, na bado tunajua nyuma yake kuna mswada wa babu.

Lakini Kleist aliandika. Ukivuka Barabara ya Morogoro kuingia Kariakoo, unakutana na watu wanaofikiri bila kuandika, na Turnitin haiwajui. Mama mmoja muuza vitenge alinieleza kwa nini kwenye upatu mgeni hupokea mwisho: anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake, anayepokea mwisho amewakopesha, na mgeni hakopeshwi. Hiyo ni nadharia kamili, imetolewa huku akimpimia mteja. Nikiigeuza Kiingereza na kuiita uchambuzi wangu, asilimia itasoma sifuri.

Utasema maadili ya utafiti yanataka jina lifichwe. Ni kweli, na yeye mwenyewe aliomba hivyo. Ila kuficha jina la mtu si sawa na kuficha kwamba wazo lina mwenyewe. “Mhojiwa wa 7 alifafanua” inamtosha. “Imebainika”, neno tunalolipenda mno, inamfuta.

Msimamizi wangu anaona mhojiwa akae kwenye sura ya matokeo. Sura ya mjadala ni ya wasomi. Mhojiwa wa 7 nimemwacha kwenye mjadala, katikati ya maprofesa wawili. Bado tunabishana.