Deni la Mwenye Kujua Saa

Je, mtu aliyepewa njia ya kuikisia kesho ana wajibu mkubwa kuliko yule asiyeijua? Swali hili ni la kale, lakini siku hizi limepata makao mapya katika mashamba ya matunda. Na tulitazame huko, maana fikira isiyo na mfano hupeperuka kama makapi.

Jimbo la Washington hutoa matufaha mengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani. Huko mitufaha huchanua baada ya majira ya baridi, na kwa siku chache riziki ya mwaka mzima huwa imo ndani ya maua. Aina nyingi za mitufaha hazizai vema kwa chavua yao wenyewe. Hazina budi kuletewa chavua ya aina nyingine, na mjumbe mkuu wa kuileta ni nyuki. Kwa hiyo wakulima hukodi mizinga kwa wafuga nyuki, nayo huletwa shambani kwa malori.

Lakini joto limtoalo nyuki mzingani huwaamsha maadui pia. Uko ugonjwa wa bakteria ambao huyafanya matawi kuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Siku zikiwa za joto, bakteria hao huongezeka upesi juu ya maua, na maji ya mvua au ya umande huwaingiza mtini. Nyuki mwenyewe huwachukua bila kujua, toka ua hata ua. Tena yuko nondo ambaye watoto wake hutoboa matufaha. Mkulima asipotumia dawa yoyote, huenda akapoteza miti. Akitumia dawa ya wadudu ovyo, atawaua wale aliowakodi wamtumikie.

Hapo ndipo elimu ya hali ya hewa humfaa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kina vituo vingi vya kupimia joto, mvua na upepo. Vipimo hivyo hujumlishwa na kompyuta pamoja na utabiri, na mkulima huambiwa kama hatari ya ugonjwa imekaribia au ingali mbali. Hesabu nyingine ya joto humwonyesha ni lini mayai ya nondo yataanguliwa, na kwa kawaida hilo huwa baada ya maua kupukutika. Basi dawa ya nondo yaweza kungoja hata nyuki wamalize kazi yao. Hata kunyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi, hakutoshi bila kutazama hewa: usiku ukiwa wa baridi na umande mwingi, sumu hudumu zaidi, ikamngoja nyuki asubuhi juu ya ua.

Yuko atakayesema, "Shamba ni langu, na deni la benki ni langu." Ni kweli. Lakini anayemiliki mti hamiliki kila kiumbe kiutembeleacho. Nyuki havuki mpaka kwa hati, na mzinga unaokufa ni mali ya mtu mwingine na chakula cha watoto wake. Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa hula na jirani pia.

Mwingine atasema, "Utabiri hukosea." Hilo nalo ni kweli, kwa kuwa utabiri si unabii. Lakini shaka ikiwapo, nani aubebe mzigo wake? Ni haki aubebe zaidi yule awezaye kuchagua, si yule asiye na ulimi wa kulalamika. Haki haimwambii mkulima aiache miti ife ili nyuki wapone. Miti ikifa, nyuki pia hukosa malisho. Humtaka yale tu ambayo elimu imeyawezesha: angoje siku moja, aache adhuhuri ashike jioni, ampelekee mfuga nyuki habari mapema.

Aliyenyunyiza dawa kwa kufuata kalenda, kabla ya kuwapo vipimo hivi, alikuwa na udhuru wa kutojua. Aliye na vipimo mkononi hana udhuru huo. Kila elimu mpya humwondolea mtu udhuru mmoja wa zamani, na pengine ndiyo sababu wengine huikimbia.

Mambo haya hayako mbali nasi. Maua ya miparachichi ya Murang'a hutembelewa na nyuki pia, na ninyi vijana ndio mtakaorithi mashamba, vipimo na dawa. Fikirini juu ya mkulima aliyesimama jioni na pampu ya dawa mgongoni. Ameambiwa kwamba usiku huu utakuwa na umande mwingi. Mizinga ya jirani iko ng'ambo ya ua wa shamba, na hapana amwonaye. Chombo kimekwisha kumwambia saa. Lililobaki ni lake yeye na dhamiri yake.