Mkataa Wengi: Upekee wa Mtu katika Nyimbo Zetu

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hugombana. Ya kwanza yasema kwamba mkataa wengi ni mchawi. Ya pili yasema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ile ya kwanza humwamuru mtu aifuate njia ya wenzake, na humtisha kwa jina baya kuliko yote katika jamii zetu. Hii ya pili humpa ruhusa ya kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Mzee mmoja aweza kuzitumia zote mbili kwa siku moja, asubuhi barazani na jioni penye ulanzi, wala asione kwamba amejipinga. Swali tunalokusudia kulichunguza ni hili: mtu anapowakataa wengi, ni lini atenda haki na ni lini atenda uovu? Tutalichunguza kwa kuzitazama nyimbo, maana katika nchi yetu nyimbo ndizo zilizozoea kubeba maneno ambayo mtu hathubutu kuyatamka akiwa ameketi mbele ya wakubwa.

Swali hili si la vitabuni tu. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara ya Songea, na Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi zetu mbili mwaka 1976, ina stesheni yake hapo. Nyimbo za kila pembe hushuka Makambako pamoja na abiria na magunia. Ukipanda kusini hadi Njombe, kwenye baridi, chai na viazi, utazikuta nyimbo hizo hizo zimekwisha kufika. Nyingi kati ya hizo zamsifu mtu anayesimama peke yake, asiyejali maneno ya walimwengu, anayeishi atakavyo. Wazee huzisikia wakatikisa vichwa na kusema kwamba vijana wanafundishwa ubinafsi. Vijana nao hujibu kwamba maisha ni yao, na kwamba wazee wanaona wivu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeusoma wimbo nusu.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Ubinafsi ni tabia ya kuivuta kila faida iwe yangu. Upekee ni hali ya mtu kuwa na nafsi, macho na dhamiri yake, asiyoweza kumwazima jirani. Mbinafsi husema, "Changu ni changu, na chenu pia ni changu." Mwenye upekee husema, "Nimeona jambo ambalo ninyi hamjaliona, nami nitalisema." Wa kwanza anaondoka na mali ya jamii, wa pili anailetea jamii kitu ambacho haikuwa nacho. Kuwaita wote wawili kwa jina moja ni sawa na kumwita mwizi na mfinyanzi kwa jina moja kwa kuwa wote wawili wameshika chungu.

Tena, wale wasemao kwamba upekee ni kitu kigeni kwetu, kilicholetwa na santuri na kanda, yafaa waitazame ngoma ya jadi ilivyojengwa. Katika ngoma za Wabena, Wakinga na makabila mengine mengi ya nchi hii, mmoja huanzisha wimbo na wengi huitikia. Yule mmoja si adui wa wengi. Husimama mbele yao, hubuni maneno, humsifu fulani na kumsuta fulani, na aghalabu husema hadharani jambo ambalo kila mtu alikuwa akilinong'ona jikoni. Kiitikio hukaa pale pale; sauti ya mbele ndiyo ibadilikayo. Bila mwanzilishi wa wimbo, kiitikio hakina la kuitikia. Na bila kiitikio, mwanzilishi ni mtu anayepiga kelele peke yake uwanjani. Basi wazee wetu walikwisha kumtengea mpinzani mahali pake katikati ya duara. Hawakumfukuza. Walimpa ngoma.

Tuchukue sasa mfano wa msanii mmoja anayejulikana na taifa zima. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, nchini Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Alifariki Desemba 2010. Aliimba juu ya mnyonge, juu ya kifo, juu ya ufukara. Alisuka rasta wakati ambapo nywele za namna hiyo zilimfanya mtu atazamwe kama mhuni. Wengi walianza kumhukumu kwa nywele kabla hawajayasikia maneno. Lakini upekee wake haukuwa katika nywele. Ushahidi ni kwamba katika miaka yake ya mwisho aliokoka, akaimba nyimbo za Injili, na rasta zile akaziacha. Wala hakuna aliyeweza kusema kwamba amekoma kuwa Remmy.

Upekee wake ulionekana katika wimbo uitwao "Mambo kwa Soksi", alioutoa karibu na mwaka 1990. Kwa neno soksi alikusudia mpira wa kiume, na ujumbe wake ulikuwa kwamba mtu ajikinge na ukimwi. Ugonjwa huo ulikwisha kutambuliwa nchini tangu mwaka 1983, mkoani Kagera, na watu walikuwa wakifa. Hata hivyo Radio Tanzania, ambayo wakati ule ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara, haikuupiga, kwa kuwa ulionekana kuvunja adabu. Ulienea kwa kanda na katika kumbi za dansi. Wengi walisema jambo hilo halisemwi. Mmoja akalisema, tena kwa mchezo na kicheko, ili lisikike.

Nani alikuwa na adabu hapo? Hili ndilo jambo zito, na sisi tulio katika nyanda hizi hatuwezi kulijadili kama wageni. Njombe, ambayo ilifanywa mkoa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Iringa, imebeba mzigo mkubwa kuliko mikoa yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 uliona kwamba asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani humu waliishi na virusi, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 bado uliikuta Njombe mbele ya mikoa mingine, kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Ni kweli kwamba sehemu ya hesabu hiyo ni habari njema, kwa maana dawa zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004 zimewafanya watu waishi ambao zamani wangezikwa. Lakini Makete yajua idadi ya yatima iliowalea, na Makambako yajua maana ya kuwa mahali ambapo malori hulala.

Hatusemi kwamba wimbo mmoja ungaliyazuia hayo yote. Gonjwa lina sababu nyingi, na wimbo si chanjo. Twasema kwamba adabu ya kunyamaza ilikuwa ni adabu ya wengi, na kwamba adabu hiyo ilikuwa na gharama, na gharama ililipwa kwa miili ya watu. Kila mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, huku ukoo mzima ukimwona mkaidi, aliwakataa wengi. Kila kijana aliyekuwa wa kwanza katika rika lake kwenda kupimwa aliwakataa wengi. Wenyeji wengi wa huku hawakuwa na jadi ya tohara. Huduma ya tohara ya hiari ilipoanza kuenezwa mkoani Iringa tangu miaka ya 2009 na 2010, Njombe ikiwa bado ndani yake, walikuwapo wanaume waliotangulia wenzao na wakachekwa. Leo hakuna anayewacheka. Yule aliyeitwa mkaidi jana ameifungulia jamii mlango, na jamii imepita bila hata kumshukuru. Ndivyo ilivyo desturi ya milango.

Hata hivyo tungekosa haki kama tungemsifu tu yule anayesimama mbele, tukawasahau wanaoitikia. Mwaka 2001 Profesa Jay, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Mikumi, alitoa wimbo uitwao "Ndio Mzee". Ndani yake mwanasiasa anamwaga ahadi zisizowezekana, na umati unamjibu kwa kukubali kila neno. Watu walicheka sana, na wengi waliufasiri kuwa ni wimbo wa kuwakejeli viongozi. Sisi twaufasiri zaidi ya hapo. Mwanasiasa yule ana kosa lake, lakini wimbo umewaweka kizimbani pia wale wanaoitikia. Ahadi ya uongo yahitaji masikio yaliyokubali kudanganywa. Msanii amekitwaa kiitikio cha ngoma ya jadi, kilichokuwa alama ya umoja, akatuonyesha jinsi kinavyooza pale ambapo mwitikiaji ameacha kusikiliza anachokiitikia. Umoja wa namna hiyo wafanana na ukimya wa kundi la kondoo.

Hapa msomaji aweza kutuuliza: mtawezaje kumtambua mkataa wengi aliye mwema na yule aliye mkaidi tu? Je, asiyekwenda kushiriki ujenzi wa darasa la kijiji si naye aweza kuimba kwamba yeye ni mtu wa peke yake? Swali ni la haki, nasi tutalijibu kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni gharama. Tuangalie ni nani anayelipia ukataaji huo. Asiyekwenda kujenga darasa amewatwika wenzake mzigo wake. Wao wanalipa, yeye anapumzika. Mjane aliyekataa kurithiwa amelipa mwenyewe, kwa kununiwa na kutengwa, na faida imewafikia hata wale waliomnunia.

Kipimo cha pili ni uwazi. Mchawi wa hadithi hutenda usiku, wala hana hoja. Mkataa wengi aliye mkweli husimama mchana, hutoa sababu, na husikiliza majibu. Yule ambaye hujitenga bila kutaka kuulizwa hajawapa wenzake nafasi ya kumsahihisha wala ya kusahihishwa naye.

Kipimo cha tatu ni usawa. Adaiye uhuru wa kuwa tofauti hana budi kumpa jirani uhuru ule ule. Kijana anayemcheka mwenzake kwa kuvaa asivyovaa yeye, huku akiimba kwamba asihukumiwe, ameuimba wimbo kwa midomo tu. Na ieleweke kwamba wako vijana mia stendi ya Makambako waliovaa kofia moja, viatu vya namna moja, na kunyoa kwa namna moja, kila mmoja akiamini kwamba hafanani na mtu. Uasi ulionunuliwa dukani ni sare kama sare nyingine. Wazee wakiliona hilo wana haki ya kutabasamu. Lakini nao wakumbuke kwamba walikuwa na sare zao.

Vipimo hivi havikuhusu nyimbo pekee. Taifa letu liliwahi kuvipita katika jambo kubwa. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa chama. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Karibu asilimia 20 tu walitaka vyama vingi. Kwa hesabu ya vidole shauri lilikuwa limekwisha. Lakini hoja za wale wachache zilipimwa, zikaonekana kuwa na uzito, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Walio wachache waliitwa wananchi wenye hoja, wala hakuna aliyewaita wachawi. Inafaa tulikumbuke jambo hilo kila tunaposikia mtu akinyamazishwa kwa sababu tu ya kuwa peke yake, iwe ni katika bunge, katika kikao cha ukoo au katika mkutano wa kijiji.

Basi methali zetu mbili zaweza kupatana. Mkataa wengi ni mchawi iwapo anawakataa ili awale. Neno hilo mchawi, hata hivyo, si la kurushwa ovyo katika nchi ambamo vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa ajili yake. Na akili ni nywele iwapo kila mtu anakubali kwamba kichwa cha mwenzake nacho kimeota. Wimbo unaomsifu mtu wa peke yake haumwiti aihame jamii. Humwita asimame katikati ya duara, mahali alipotengewa na mababu, aseme alichokiona, kisha awangoje waitikiaji waseme kama ni kweli. Nasi tumelitia fundisho hilo katika ubeti mmoja, ili lichukulike kwa wepesi:

Wengi wakiandamana, mmoja akitambua,
Njia waliyoiona, ni shimo la kuwaua,
Kimya chake ni laana, mauti amechagua;
Mkataa si mchawi, huenda ndiye tabibu.

Tumesema huenda, wala hatukusema daima. Katika neno hilo moja ndimo ilimo kazi yote ya jamii yenye utu: kumsikiliza kwanza yule aliye peke yake, kisha kupima, na baada ya kupima ndipo kuitikia.